Saa Tatu Asubuhi: Mpima Mvua wa Embu na Meru

Wahenga walipotunga methali ya haba na haba hujaza kibaba, hawakuwa wakimfikiria karani wa serikali ya kikoloni aliyeinama juu ya chupa ya maji karibu na boma la Embu. Hata hivyo, ni vigumu kupata methali inayoisawiri kazi yake vyema zaidi. Kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, mtu huyo alitoka na daftari lake, akapita kwenye nyasi zenye umande hadi penye silinda ya shaba iliyopandwa ardhini, akafungua kifuniko chenye funeli, akatoa chupa iliyokuwa ndani, akayamimina maji yake katika kioo chembamba cha kupimia. Kisha alikiinua kioo hicho mpaka usawa wa jicho, akasoma, akaandika tarakimu. Kazi yote haikuzidi dakika chache. Lakini ilipaswa kufanywa kwa saa ile ile, leo kama jana, na kesho kama leo.

Mpimaji anayezungumziwa hapa hapewi jina kwa sababu si mtu mmoja. Ni karani, ni tarishi, ni askari wa zamu, ni mwalimu wa shule ya misheni. Waingereza waliitiisha Embu mwaka 1906, na miaka miwili baadaye wakafungua kituo cha utawala huko Meru. Popote walipojenga boma, mapema au baadaye kilifuata kipima mvua. Vyombo hivi viliwekwa katika ofisi za wilaya, misheni, shule, vituo vya polisi na mashamba, yaani mahali palipokuwa na mtu awezaye kusoma tarakimu na ambaye angekuwapo kesho yake. Aghalabu fomu ya mwisho wa mwezi ilitiwa sahihi na ofisa au mmisionari. Aliyekanyaga umande hakutakiwa kutia sahihi yoyote.

Mnamo mwaka 1929 kazi hii iliyokuwa imetawanyika ilipata makao. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza iliundwa, makao yake makuu yakawa Nairobi, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Albert Walter. Bwana huyu alitoka kisiwani Morisi, ambako alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha uangalizi cha Royal Alfred. Inafaa kulitia maanani jambo hili, maana katika vituo vya uangalizi vya zama zile hali ya hewa na wakati vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Waliopima mvua na upepo ndio hao hao walioangalia nyota na jua ili kuzirekebisha saa za merikebu. Kipimo kisichokuwa na saa yake hakikuwa kipimo, bali hadithi.

Kwa nini? Tuchukue mfano wa joto. Mtu akipima joto la Meru leo saa moja asubuhi na kesho saa nane mchana, kisha akatangaza kwamba Meru imepata joto kwa ghafla, hakuna atakalokuwa amelieleza isipokuwa uzembe wake mwenyewe. Ili siku mbili zilinganishwe, lazima zitazamwe kwa wakati mmoja. Ili Embu ilinganishwe na Meru, na Meru na Kampala, na Kampala na Zanzibar, lazima wapimaji wote watoke nje kwa pamoja ingawa hawaonani. Hapo ndipo saa ya ukutani ilipogeuka kuwa chombo cha kupimia hali ya hewa, sawasawa na kioo na funeli.

Chombo chenyewe kilikuwa sahili. Kipima mvua cha Kiingereza kilikuwa na mdomo wa kipenyo cha inchi 5, yaani milimita 127, na mdomo huo uliinuliwa futi moja juu ya ardhi ili matone yanayorukaruka kutoka chini yasiingie. Maji yaliyokusanyika yalisomwa kwa sehemu za mia za inchi, na baadaye kwa milimita. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Inchi moja katika ekari moja ya shamba ni zaidi ya tani 100 za maji. Hivyo basi, karani aliyeandika kwamba mvua ya usiku ilikuwa inchi moja alikuwa akiandika, kwa tarakimu tatu tu, mzigo ambao malori mengi yasingeweza kuubeba, na ambao mlima ulikuwa umeushusha bure juu ya kahawa, mahindi na maharagwe ya wilaya nzima.

Vituo vikubwa vilikuwa na vyombo zaidi. Kulikuwa na kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisiingie. Kibanda hicho hubeba jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa kutoka Uskoti, ambaye wasomaji wa fasihi watamkumbuka kuwa baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson. Ndani yake vilikaa vipimajoto, katika kimo cha kifua cha mtu mzima. Huko Uingereza mlango wa kibanda huelekezwa kaskazini, ili mpimaji anapoufungua jua lisivipige vyombo. Lakini Embu iko takriban nusu digrii kusini mwa Ikweta, na Meru iko kaskazini yake kidogo tu. Msafiri atokaye Embu huuvuka mstari huo anapokaribia mji wa Meru. Hapa jua hukaa kaskazini kwa nusu ya mwaka na kusini kwa nusu nyingine. Ndiyo maana katika nchi za Ikweta kibanda huhitaji milango miwili, mmoja wa kufunguliwa miezi hii, mwingine miezi ile. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya anga la Uskoti kililazimika kujifunza adabu za anga la mahali kilipohamia.

Kulikuwa pia na tufe la kioo, ambalo mgeni angelidhania kuwa pambo. Chombo hiki kilibuniwa na John Francis Campbell mwaka 1853 na kuboreshwa na George Gabriel Stokes mwaka 1879. Jua linapowaka, tufe hukusanya miale yake na kuunguza alama juu ya kadi iliyowekwa nyuma yake. Jua likisonga, alama nayo husonga. Wingu likipita, alama hukatika. Jioni mpimaji huitoa kadi, na humo husoma saa ngapi jua liliwaka na lilifichwa lini. Kwa maneno mengine, jua lenyewe ndilo huwa mwandishi, na mpimaji huwa msomaji. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mstari wa adhuhuri katika kadi hiyo hufuata adhuhuri ya jua la mahali pale pale, wala haujali saa ya serikali inasema nini.

Na saa ya serikali ilisema mengi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Kwa hesabu hiyo, jua la Mombasa hutangulia jua la Greenwich kwa saa 2 na takriban dakika 39, jua la Nairobi kwa saa 2 na dakika 27, na jua la Kisumu kwa saa 2 na dakika 19. Kila mji una adhuhuri yake. Lakini reli, simu za waya na mahakama haziwezi kuendeshwa kwa adhuhuri nyingi, na kwa sababu hiyo Kenya ilipewa saa moja, iliyotangulia Greenwich kwa saa mbili na nusu. Saa hiyo haikuwa saa ya jua la Mombasa, wala la Nairobi, wala la Kisumu. Longitudo inayolingana nayo ni digrii 37 na nusu mashariki, na mstari huo unapita katikati ya mji wa Embu na mji wa Meru. Jua la wastani la Embu hukosana nao kwa sekunde 12 tu, na la Meru kwa sekunde zipatazo 36. Bila ya yeyote kukusudia, koloni zima lilikuwa likiishi kwa jua la mashariki ya Mlima Kenya.

Mwishoni mwa Juni 1928 saa hiyo ilisogezwa mbele kwa nusu saa, ikawa saa tatu kamili mbele ya Greenwich. Mwanzoni mwa mwaka 1930 ikarudishwa kwenye saa mbili na nusu. Kuanzia mwaka 1937 ikawekwa katikati, saa mbili na dakika 45. Mwezi Agosti 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ikarejeshwa kwenye saa tatu, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Katika muda wa miaka 14, mkono wa saa ulisogezwa mara nne kwa amri.

Sasa msomaji na amfikirie mpimaji. Tuseme anatakiwa kutazama anga wakati ambapo saa ya Greenwich inaonyesha 0600. Mwaka 1935 saa ya ukutani huko Embu ingemwonyesha saa mbili na nusu asubuhi. Mwaka 1938 ingemwonyesha saa tatu kasorobo. Mwaka 1943 ingemwonyesha saa tatu kamili. Wakati ni ule ule. Jua liko mahali pale pale juu ya miti, kivuli cha kibanda kina urefu ule ule, na umande umekauka kwa kiasi kile kile. Kilichobadilika ni jina la wakati. Kwa mujibu wa jua la Embu ilikuwa saa mbili na nusu siku zote hizo, na ni saa mbili na nusu mpaka leo, ijapokuwa redio hutangaza saa tatu. Ndiyo maana mkaazi wa Embu au Meru anayeamka saa kumi na mbili ya asubuhi hukuta giza bado halijaondoka. Haamki mapema mno. Saa yake ndiyo iliyotangulia jua.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu yao wenyewe ya kusimama hapa. Mpimaji alikuwa na saa tatu kichwani kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya Greenwich, iliyoandikwa katika daftari. Ya pili ilikuwa ya koloni, iliyotundikwa ukutani, ambayo Mwingereza aliisoma tisa. Ya tatu ilikuwa ya kinywani mwake, ambayo kwayo tisa ile ile iliitwa tatu, kwa kuwa Mswahili huanza kuhesabu mchana unapoanza. Hesabu hii ya tatu imedharauliwa na wengi, hata na baadhi ya watumiaji wake, kana kwamba ni kosa la kusoma sura ya saa. Si kosa. Ni hesabu ya watu wanaoishi karibu na Ikweta, ambako mchana hupata saa 12 na dakika chache Januari hadi Disemba. Huko Uskoti kuhesabu saa kuanzia macheo kungeleta vurugu, kwani macheo ya Juni na ya Disemba hupishana kwa saa nyingi. Huku kwetu macheo hayayumbi sana, na kwa hiyo yanaweza kutegemewa kuwa msingi. Lugha ilikuwa imeutazama mchana wa Ikweta na kuupima barabara karne nyingi kabla ya idara yoyote kuundwa. Nalo neno lenyewe lilipanda kutoka pwani mpaka milimani: katika baadhi ya lugha za Mlima Kenya saa imekuwa thaa, nayo huhesabiwa vivyo hivyo kuanzia asubuhi.

Isitoshe, mvua ya usiku ilizua swali ambalo kila hesabu ililijibu kivyake. Tuseme imenyesha saa nne usiku, baada ya jua la Jumapili kutua na kabla ya Jumatatu kupambazuka. Kwa kalenda ya serikali, siku hugeuka usiku wa manane. Kwa hiyo ni mvua ya Jumapili. Kwa Mswahili wa jadi, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku huo ni usiku wa Jumatatu. Kwa kipima mvua, siku huanza na kwisha asubuhi chombo kinapofunguliwa. Na katika utaratibu wa Kiingereza kiasi kinachosomwa asubuhi ya Jumatatu huandikwa kwa Jumapili. Hakuna jibu la uongo kati ya haya matatu. Ila mpimaji alilazimika kujua ni jibu lipi linatakiwa na daftari, na kulifuata bila kuyumba, hata kama nyumbani kwake mkewe na majirani waliikumbuka mvua hiyo kwa jina la siku nyingine.

Hadi hapa tumezungumzia vyombo na saa. Lakini thamani ya daftari haikutokana na shaba wala kioo. Ilitokana na jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyeweza kulipima: je, mtu yule alitoka nje kweli?

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu mzito huifunika Embu, na manyunyu membamba huanguka bila sauti. Asubuhi kama hizo baridi huuma, njia huteleza, na mpimaji hujua takriban atakachokikuta ndani ya chupa. Hakuna anayemwona. Angeweza kuketi kando ya moto akaandika tarakimu inayofanana na ya jana, na Nairobi isingejua. Daftari lilimpa alama za namna mbalimbali, na kila alama ilikuwa mtihani. Sifuri ilimaanisha: nilikwenda, nikafungua, nikakuta pakavu. Alama ya mnyunyu usiopimika ilimaanisha: nilikwenda, nikakuta unyevu, lakini haukutosha kusomeka. Jumla ya siku kadhaa ndani ya mabano ilimaanisha: sikuweza kufika, maji yamekusanyika, siwezi kusema yalianguka siku ipi. Na nafasi iliyoachwa wazi, au kistari, ilimaanisha: sijui.

Kati ya alama hizo zote, kistari ndicho kilichohitaji moyo. Sifuri ni rahisi kuandika, haina lawama. Kistari humshtaki mwandishi wake. Humwambia bwana mkubwa kwamba siku hiyo karani hakuwapo, na katika zama ambazo karani Mwafrika angeweza kufutwa kazi kwa neno moja, kukiri hivyo hakukuwa jambo dogo. Lakini sifuri ya uongo hudumu kuliko aliyeiandika. Huingia katika jumla ya mwezi, jumla ya mwezi huingia katika wastani wa mwaka, na wastani wa mwaka huwa hoja ya mtu wa kizazi kingine anayetaka kujua kama ukame umeongezeka. Wakati ni ukuta. Asubuhi iliyopita bila kipimo haiwezi kurudiwa. Njia pekee ya kuitendea haki ni kukubali kwamba imepita.

Pengine mwanamke aendaye shambani angesimama penye ua na kumwuliza, "Karani, mvua hii imetosha kupandia?" Swali hilo halikuwa na safu katika daftari. Mpimaji alijua kiasi cha jana, na pengine cha mwaka uliotangulia, lakini chombo hakikujua udongo wa shamba la mama huyo, wala mbegu iliyokuwamo kapuni. Yeye mwenyewe, mwana wa wakulima, alijua mambo ambayo fomu haikumwuliza. Alijua kwamba katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka mvua za vuli, za Oktoba hadi Disemba, ndizo zinazotegemewa zaidi kuliko za masika. Alijua kwamba jirani zao Wakikuyu huziita mvua za masika kwa jina la njahi na za vuli kwa jina la mwere, yaani kwa majina ya mazao yake, kwa kuwa kwa mkulima msimu si tarehe bali ni kile kinachokubali kuota. "Mama, maji ni nusu inchi," angejibu, "lakini tazama mawingu ya mlimani kesho kabla hujamwaga mbegu." Nusu ya kwanza ya jibu hilo ilikwenda Nairobi. Nusu ya pili ilibaki penye ua.

Mintarafu ya matumizi ya tarakimu hizo, si haki kuyapamba. Takwimu haimchagui msomaji wake. Katika miaka ya 1930 serikali iliporuhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kulima kahawa, zao ambalo hapo awali lilihodhiwa na walowezi, kujua mvua ya mahali kulikuwa na manufaa ya wazi kwa mkulima. Lakini hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, watu wa Embu na Meru waliwekwa pamoja na Wakikuyu chini ya amri za kutotoka usiku, vibali vya kusafiri, na baadaye vijiji vya lazima vilivyozungushiwa uzio. Kati ya mwaka 1953 na 1955 ndege za jeshi la Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na ya Mlima Kenya. Rubani hawezi kuruka juu ya mlima bila kutaka kujua mawingu yako kimo gani. Mpimaji aliyeligawa anga katika sehemu nane na kuandika ni ngapi zimefunikwa hakuambiwa nani angeisoma tarakimu yake: mkulima wa kahawa, au mtu aliyemtafuta nduguye msituni. Aliandika kweli, na kweli hiyo ikaondoka mikononi mwake. Uaminifu ulikuwa wake. Madaraka juu ya matunda yake hayakuwa yake. Hii ndiyo sehemu ya ukoloni isiyoonekana katika safu za daftari, na yeyote anayezisifu safu hizo hana budi kuikumbuka.

Bendera zilibadilika, saa tatu ikabaki. Idara iliendelea kuwa ya nchi zote za Afrika Mashariki hadi jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kisha kila nchi ikabaki na yake. Leo Embu inajulikana katika orodha ya dunia ya vituo vya hali ya hewa kwa nambari 63720, na Meru kwa nambari 63695. Mnamo mwaka 1999 kituo cha kuchunguza hewa ya dunia kilifunguliwa kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Vyombo vinavyojisoma vyenyewe na kupeleka habari bila karani vimezidi kuenea nchini. Havina baridi wala usingizi, na havihitaji ushujaa wa kuandika kistari.

Hata hivyo, chombo kipya hakiwezi kupima mvua ya zamani. Anayetaka kuyalinganisha mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 1961 na yale ya El Nino ya mwaka 1997, au ukame wa mwaka 1984 na ule wa miaka ya 2020 hadi 2022, hana pa kwenda isipokuwa kwenye safu zile zilizoandikwa kwa mkono. Mabishano makubwa ya karne hii, kuhusu iwapo mvua zinachelewa, zinapungua au zimebadili tabia, yanategemea swali lile lile dogo: je, mtu yule alitoka nje saa tatu? Kila mara jibu linapokuwa ndiyo, mjukuu wa mwanamke aliyesimama penye ua hupata ushauri bora kuhusu siku ya kupanda, ingawa halijui jina la aliyemsaidia.

Majina hayo hayatapatikana katika fomu. Daftari liliuliza kiasi, saa na tarehe, tena kwa Kiingereza. Halikuuliza mpimaji aliyaitaje mawingu aliyoyaona, alihesabuje saa zake, wala alimjibu nini mama aliyemwuliza habari za mbegu. Mambo hayo yalisemwa kwa Kiembu, kwa Kimeru na kwa Kiswahili, yakapeperuka. Wapo wazee ambao bado wanayakumbuka, na wanaishi katika vijiji ambavyo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hurudi kila likizo. Mwanafunzi atakayekwenda kuwasikiliza atahitaji daftari, kalamu, na adabu ya mpima mvua: kufika kwa wakati, kuandika kilichosemwa na si kilichotarajiwa, na pale mzee anaponyamaza au anaposahau, kuweka kistari.